Nyuzi 60: kurasa za Julai, Karatina

Jumatatu, 4 Julai 2022

Maji ya mfereji wa bafu la ndani: nyuzi 71. Niliyaacha yatiririke mpaka kioo kikafunikwa na mvuke, nikakinga kikombe, nikatumbukiza kipimajoto cha maabara na kusubiri ule uzi mwekundu utulie. Nimerudia kupima jioni na jibu ni lilelile. (Kipimajoto ni cha shule. Kitarudi shule zikifunguliwa, kabla mkuu wa idara hajakiulizia.)

Nafanya haya kwa sababu ya miguu ya Mama. Amekuja jana kukaa nasi mpaka baridi ipungue. Kule kwake Kirimukuyu ukungu hauondoki kabla ya saa sita, na nyumba ya mbao haishiki joto. Ana sukari kwa miaka mingi sasa na nyayo zimeingia ganzi. Aliwahi kutembea tangu asubuhi mpaka saa za chai na kijiti ndani ya raba asijue, mpaka wifi alipoona damu kwenye soksi. Mtu asiyesikia kijiti hatasikia maji yakimuunguza. Na hapa nyumbani hakuna anayependa maji ya moto kama yeye. "Maji yasiyotoa moshi ni ya kunawa, si ya kuoga," ndivyo asemavyo, na amesema tena leo.

Hita yetu ni ya umeme, lita 50, imening'inia ukutani juu ya mlango wa bafu, koili yake wati 1,500. Tumeikuta humu tulipohamia. Kwa nje ina taa nyekundu basi, haina namba wala kitu cha kuzungusha.

Jumanne, 5 Julai

Siku ya soko. Kabla ya kutoka nimehakikisha kipimajoto hakinidanganyi. Kwenye glasi ya barafu iliyopondwa kilishuka mpaka sifuri. Kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka kwa vishindo kikapanda mpaka 94 na kukataa kuendelea. Baba watoto akasema hicho kimekufa, maji huchemka kwa 100. Mombasa, ndiyo. Sisi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa inayokandamiza maji ni kidogo, na kila ukipanda kama mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka nyuzi moja. 94 ndilo jibu la hapa kwetu, na ndiyo maana maharagwe ya huku hayaivi upesi. Kipimajoto ni kizima. Hita ndiyo yenye neno.

Sokoni: kabichi, viazi, soksi nilizomwahidi Mama sikupata saizi yake. Nikapita maduka ya vifaa vya ujenzi barabara ya juu nikiuliza hita huwekwa nyuzi ngapi. Mwenye duka mmoja alisema weka mwisho kabisa, ukiona ni kali utachanganya na baridi. Duka lililofuata walisema imesetiwa kiwandani na haiguswi. Kijana aliyekuwa amekaa nje kwenye gunia la saruji, fundi wa mifereji anayesubiri kazi, akaniuliza, "Mwalimu, ni nani anaoga hayo maji?" Nimechukua namba yake.

Alhamisi, 7 Julai

Saba Saba, na magari ya kampeni yalianza kupiga kelele kabla hatujanywa chai. Mgombea mwenza wa urais, Gachagua, akiwa ndiye mbunge wenu, hamna pa kujificha.

Nimekaa na vitabu. Namba ambazo majedwali mengi bado yanazitegemea zilitoka kwa Moritz na Henriques wa Harvard, mwaka 1947. Maji ya nyuzi 60 huhitaji kama sekunde 5 kuunguza ngozi ya mtu mzima mpaka ndani. Ya 55, nusu dakika. Ya 50, dakika 5. Ya 49, karibu dakika 10. Ukifika 70, ni chini ya sekunde moja. Hiyo ni ngozi ya mtu mzima mwenye afya. Ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, basi punguza.

Kinachonitisha si yale 71 peke yake. Ni kwamba kwa macho huwezi kujua. Maji ya 49 na ya 60 yote yanatoa mvuke, yote yanapendeza asubuhi ya baridi. Lakini kwa moja unapata nafasi ya kupiga kelele, kuinuka na kufunga mfereji, na kwa jingine mzee mwenye magoti mabovu hata hajafika ukutani. Mwaka 1983 jimbo la Washington, Marekani, lilipitisha sheria kwamba hita mpya za nyumbani zitoke zikiwa zimewekwa 49, na watoto walioletwa hospitali kwa kuunguzwa na maji ya mfereji wakapungua.

"Basi weka 45 tumalize," Baba watoto akasema, "na tokeni za umeme zitakaa."

Hapo ndipo maneno yalipoanza, mpaka chakula kikapoa. Ndani ya maji yaliyotulia na yenye joto kiasi huishi bakteria anayeitwa Legionella. Hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Kwa 50 hufa, ila polepole. Kwa 60 wengi huisha ndani ya dakika chache. Alijulikana baada ya Julai 1976, wanajeshi wastaafu walipokutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford, Philadelphia, na wakaanza kuugua mapafu waliporudi makwao. Watu wapatao 30 walikufa, na miezi ilipita kabla mtafiti Joseph McDade hajamtambua mdudu mwenyewe, Januari 1977. Pale lawama iliangukia mitambo ya kupoza hewa, lakini tangu hapo ameonekana pia kwenye matangi ya maji moto na vichwa vya shawa. Humpati kwa kunywa. Unamvuta pamoja na yale matone madogo yanayoelea bafuni. Na anapenda kina nani? Wazee, wavutaji sigara, wenye sukari.

Kwa hiyo mtu tunayemkinga na nyuzi 71 ndiye huyohuyo anayepaswa kukingwa na nyuzi 45. Tangi linataka 60. Ngozi ya Mama inataka 40 na kidogo. Hakuna namba moja ya kuwatosha wote wawili, na kila mtu niliyemuuliza anatafuta namba moja.

Baba watoto hakuridhika mpaka nilipomfanyia hesabu nyuma ya bahasha. Maji yanaingia tangini yakiwa nyuzi 16 msimu huu. Ukiwa na lita 50 za nyuzi 60, ukazichanganya na baridi upate maji ya kuoga ya 40, unapata karibu lita 90. Tangi la 45 litakupa kama 60 tu, na wa mwisho kuoga ataoga akiimba. Kulipasha tangi zima kutoka 16 hadi 60 ni uniti 2.6 hivi, hadi 71 ni 3.2. Na tukishuka kutoka 71 hadi 60, joto linalovuja kupitia ukuta wa tangi mchana kutwa hupungua kwa karibu moja ya tano. Tokeni zitakaa, ila si kwa njia aliyoitaka yeye.

Ijumaa, 8 Julai

Fundi alifika saa nne. Nilimpenda kwa jinsi alivyoanza: alizima swichi ya hita, akaenda kwenye meni akazima na pale, kisha akagusisha tesita kwenye kila waya kabla ya kuweka mkono. Skrubu za kifuniko zilikuwa zimeshika kutu. Ndani, kando ya koili, kuna themostati: fimbo nyembamba iliyozama tangini, na kichwani pake kidude cheupe cha plastiki chenye mkato wa bisibisi, namba zimefifia kukizunguka. Mshale ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho, 75. Karibu yake kuna kitufe kidogo chekundu, hicho ni cha kukata umeme endapo themostati itakwama na maji kuzidi kiasi.   Waya wa ardhi nao upo na umebana vizuri, jambo ambalo alisema halikuti kila mahali.

Kisha akanyamaza. Akaniita, "Njoo uone, Mwalimu."

Chini ya tangi, kwenye bomba la maji baridi, kuna vali ya usalama. Maji yakipata joto hutanuka. Lita 50 zikitoka 16 hadi 60 zinaongezeka kama lita 0.8, na hayo ya ziada lazima yapate pa kwenda. Vali ikiwa nzima utaiona ikidondosha matone hita inapowaka. Aliyeifunga hii hita zamani hizo, au aliyemwita, hakupenda sakafu kulowa. Alizungushia utepe mweupe kizibo cha chuma, akakikaza mdomoni mwa vali.

Nimekishika kile kizibo. Kinatoshea kati ya vidole viwili. Kikiwa pale, kilichobaki kati yetu na tangi kupasuka ni themostati na kile kitufe chekundu. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo hayachemki kwa 94 wala kwa 100. Yanaendelea kupanda yakiwa maji. Siku chuma kinapoachia, shinikizo linashuka ghafla na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji uliyotoka. Hita za namna hiyo zimewahi kutoboa paa za watu. Yetu iko juu ya mlango ambao watoto wangu walipita kila asubuhi mpaka walipomaliza shule.

Fundi alikitoa, akafunga vali mpya na kuiwekea mpira unaoteremka mpaka nje kwenye mtaro. "Ikidondosha, usiite mtu," akasema. "Ikiacha kudondosha ndipo uniite."

Themostati imewekwa 60. Mfereji saa mbili usiku: 59.

Jumapili, 10 Julai

Tumekwenda Naro Moru kwa kaka, kupitia Kiganjo. Mlima haukuonekana hata kidogo, mawingu mpaka kwenye nyasi. Wao hawatumii umeme kupasha maji. Wana busta ya kuni, kama nyumba nyingi za upande ule: pipa la chuma nje ya ukuta wa jikoni, moto chini yake, bomba la moshi likipita katikati ya maji, na tangi la maji baridi limepandishwa juu kwenye jukwaa. Matawi ya mgrevilea yaliyopogolewa shambani yanatosha. Vijiti vichache na nyumba nzima inaoga.

Ila themostati yake ni yule anayetia kuni. Nilipima mfereji wa jikoni watoto walipokuwa wamejisahau kuchochea: 83. Kuna bomba jembamba linalotoka juu ya busta na kupanda mpaka kupita tangi, mdomo wazi, na lilikuwa likitema maji na mvuke kwenye mabati. Kaka anataka kulifunga kwa sababu linapoteza maji. Nilimweleza habari ya kizibo chetu kwa urefu, pengine kwa urefu kuliko alivyotaka, akiwa na mkate mkononi. Bomba lile halifungwi, halipunguzwi, haliwekwi koki. Amekubali. Nitamuuliza tena Agosti.

Wifi ndiye mwenye mfumo. Koki ya maji moto ameifunga uzi mwekundu na hakuna mtoto chini ya darasa la nne anayeigusa. Beseni hutangulia maji baridi, moto hufuata, kamwe si kinyume. Hajui nyuzi ngapi na hana haja ya kujua: mtoto akitumbukia katikati ya kazi, atatumbukia kwenye baridi. Anapima kwa kiwiko. Kwa kitoto kichanga kiwiko chake kilikubali maji niliyoyapima 37, ambayo ndiyo wauguzi hutaja.

Jumatano, 13 Julai

Shule. Kipimajoto kimerudi kabatini, kisha nimekiazima rasmi, kwa saini.

Mwenzangu wa biolojia ana sola juu ya paa. Anasema Januari maji yake hayashikiki, na wiki hii yenye ukungu anaoga uvuguvugu. Nimepita kwake baada ya vipindi: 34. Yaani joto lenyewe ambalo Legionella angelichagua, na limekaa hivyo siku kadhaa. Sola yake ina koili ya umeme ya kusaidia siku za mawingu, lakini ameizima ili aokoe tokeni. Nimemsihi aiwashe, ilipandishe tangi mpaka 60 mara kwa mara msimu huu. Januari shida yake itakuwa ya upande mwingine, hapo atahitaji kuchanganya kabla maji hayajafika shawani. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge sola. Zilihesabu lita na jua. Gathano, msimu wetu huu wa baridi, hauna jua.

Jumamosi, 16 Julai

Mtoto wa jirani ameungua mkono na kiuno. Wao hawana hita. Mama yake alimimina maji ya sufuria kwenye beseni, akatoka kuchota ya baridi, mtoto akakaa.

Nilisikia kilio nikiwa kwenye kamba ya nguo. Nilipofika bibi wa nyumba alikuwa ameshika dawa ya meno na mwingine anavunja yai. Nimewanyang'anya, kwa adabu niliyoweza. Tukamvua nguo zilizolowa, tukamweka chini ya mfereji wa maji ya kawaida, ya baridi bila barafu, dakika 20 kwa saa ya ukutani. Ni muda mrefu sana mtoto anapolia, na kila mtu anataka kuacha kwenye ya tano. Kifua na miguu tulimfunga blanketi maana na baridi hii angeugua tena kwa kutetemeka. Juu ya jeraha kitambaa safi, hakuna mafuta, hakuna unga, kisha bodaboda mpaka hospitali. Malengelenge ni ya mkono tu. Amerudi jioni na bendeji.

Siku zote hizi nimekuwa nikizungusha kidude cha plastiki. Mtaa huu watoto wanaunguzwa na sufuria. Nimempa mama yake ile habari ya baridi kwanza, moto baadaye, lakini si leo. Leo nimempelekea uji.

Jumanne, 19 Julai

Vali ya kuchanganya moto na baridi imefungwa, ili tangi libaki 60 na Mama aoge 40 na kidogo. Bei yake inakaribia nusu ya bei ya hita, na ilibidi iagizwe Nairobi. Ndani ina kidonge cha nta kinachotanuka maji yakizidi joto na kusukuma mlango mdogo wa maji moto ujifunge. Hakuna umeme, hakuna betri. Fundi ameiweka karibu kabisa na shawa, ili bomba refu la nyuma yake libaki na maji ya 60 na si uvuguvugu.

Kazi kubwa haikuwa vali yenyewe. Maji baridi ya bafu yalikuwa yakitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na moto unatoka kwenye tangi la juu ya paa kupitia hita. Mtaa ukikosa maji, na sisi tunakosa kila wiki, baridi inakatika katikati ya kuoga na unabaki chini ya moto mtupu. Hilo lingemkuta Mama siku yoyote. Sasa baridi na moto vyote vinatoka tangi moja.

Tumeijaribu. Imewekwa 42, ikatoa 42. Fundi akafunga koki ya baridi ghafla: shawa ikatoa kidogo, ikanywea, ikakauka. Akafungua, 42 tena. Aliirudia kwa furaha kama mtoto mpaka nikamkumbusha mdahalo. Alitaka kuondoka mapema awaone wagombea wenza, Karua na Gachagua, kwenye runinga, mmoja wa Kirinyaga na mmoja wa hapa hapa, na nyumba zote za mtaa zimewasha sauti juu.

Alhamisi, 21 Julai

Unga wa bei iliyopunguzwa, shilingi 100, umetangazwa jana. Dukani kwetu haujafika.

Mama ameoga na kutoa hukumu: maji ya kunawa. Tumejadiliana kupitia mlango. Nimepandisha mpaka 43 na sitapanda zaidi. Amepata kiti cha plastiki cha kuogea na amekubali kupima kwa kiwiko, kwa sababu nyayo zake hazisemi kweli na vidole vimeanza kuzifuata. Nilidhani tumemaliza.

Jioni nimeenda kuchukua blanketi lake nikakuta birika chini ya kitanda, lina joto, na beseni pembeni lenye chumvi. Anaroweka miguu usiku tukilala. Muuguzi wa kliniki ya sukari amemwambia mbele yangu asiroweke, maji moto wala vuguvugu, na anitwike mimi kazi ya kukagua nyayo kila siku. Birika halina themostati ya kuzungusha, na nililileta mimi chumbani kwa ajili ya chai yake.

Nimelihamisha jikoni. Beseni amelikatalia. Anasema atalitoa siku nitakapoleta zile soksi za sufu, na kwamba miguu yenye soksi haiombi maji. Sokoni ni Jumamosi. Saizi yake ni sita, ya wanaume, zisizobana kifundo.